Watu Elfu Moja na Mia Mbili, Goti Moja

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uliyefika kwa wakati ukaketi kwenye kiti chenye kitambaa. Mheshimiwa Msaidizi wa Mgeni Rasmi, uliyeketi kwenye kiti kisicho na kitambaa kwa sababu kitambaa cha pili nimekihitaji huku mbele. Waheshimiwa Wakuu wa Vitengo, Wakuu wa Vitengo Vidogo, na Makaimu wa wale ambao wangekuja wenyewe kama wangejua kuna soda. Daktari Kiongozi wa Msafara wa Matibabu, ambaye magari yako matatu yako hapo nje yakiunguruma na sote tunayasikia. Wauguzi wenye makoti meupe mliosimama mlangoni kama watu wenye haraka. Mama Mkunga wa zahanati ya ng'ambo ya mto, ambaye humo kwenye orodha ya waalikwa lakini umo ukumbini, karibu. Dereva wa Mradi. Mke wangu mpendwa, mwalimu wa hesabu wa darasa la sita, uliyeketi safu ya tatu na ripoti yangu mapajani na kalamu nyekundu mkononi, jambo ambalo naanza kuliogopa. Mabibi na mabwana, na nyote ambao vyeo vyenu vilikatika kwenye fotokopi: itifaki ihesabiwe kuwa imezingatiwa, hata pale ilipokanyagwa.

(Makofi. Mgeni Rasmi afungua chupa ya maji.)

Kabla sijaanza kuanza, naomba tuamshane kwa kaulimbiu yetu. Nikisema "Afya!", nyinyi mnajibu "Tunaiona!" Afya!

(Wachache: "Tunaiona." Mmoja nyuma: "Wapi?")

Asanteni. Maoni ya huyo wa nyuma yamepokelewa na yatafanyiwa kazi.

Waheshimiwa, leo tunazindua Ripoti ya Awamu ya Kumi ya Utafiti wa Kufuatilia Afya Kadiri Mwenyewe Anavyoiona, kwa kifupi UKAKMA, utafiti ambao kwa miaka kumi mfululizo umeongozwa, umesimamiwa, umeratibiwa, umetathminiwa na kusifiwa na mtu mmoja ambaye kwa unyenyekevu sitamtaja, ila ndiye Mkurugenzi anayeongea. Mimi si mtu wa kujisifu. Kazi hiyo nimeiweka kwenye ripoti, ukurasa wa pili hadi wa kumi na moja, ili isichukue muda wetu hapa. Ofisini wananiita Bwana Wastani. Jina hilo alinipa Dereva nami nikadhani ni la heshima, kumbe ni kwa sababu kila nikiulizwa jambo, iwe habari za nyumbani, iwe joto la leo, iwe chumvi kwenye mchuzi, mimi hujibu, "Ya wastani."

(Kicheko. Mke wa Mkurugenzi hacheki.)

Sasa, kwa manufaa ya wale ambao hawakusoma metodolojia, yaani nyote, nieleze utafiti wa paneli ni nini. Utafiti wa kawaida unamuuliza mtu leo, mwaka kesho unamuuliza mwingine, kisha unatangaza mabadiliko, na hiyo ni sawa na kumpima mtoto wako urefu leo, mwaka kesho ukampima mtoto wa jirani, ukafurahi kwamba amekua. Paneli haifanyi hivyo. Paneli inarudi kwa mtu yule yule, mlango ule ule, kiti kile kile, ikiwezekana hata kikombe kile kile cha chai, na kumuuliza swali lile lile: kwa jumla, afya yako unaionaje? Moja, nzuri sana, mbili, nzuri, tatu, ya wastani, nne, mbaya, tano, mbaya sana. Halafu unamuuliza ni wapi panapouma. Basi. Hatumpimi damu wala hatumvui shati. Tunamwamini mwenyewe, kwa sababu aliyevaa kiatu ndiye ajuaye kinabana wapi.

(Makofi ya heshima. Mkurugenzi ashika ukingo wa meza ya hotuba kwa mikono miwili.)

Na matokeo, waheshimiwa, ni ya kihistoria. Washiriki wetu ni elfu moja na mia mbili, sampuli wakilishi, jumuishi na endelevu. Tafiti za wenzetu kila mwaka hupoteza watu: huyu amehama, yule amechoka maswali, mwingine amefiwa hataki wageni, mwingine amekufa mwenyewe. Sisi katika miaka kumi tumepoteza washiriki sifuri. Hakuna aliyehama wala aliyekataa wala aliyesafiri wala aliyefariki, na hakuna hata mmoja aliyekutwa bafuni. Kiwango cha ushiriki ni asilimia mia moja. Niliwahi kualikwa kwenye kongamano kubwa kueleza siri ya mafanikio haya, nikasema siri ni uongozi, wakanipa cheti.

(Makofi. Daktari aandika kitu kwenye kijitabu chake, apigia mstari.)

Tena tumelinda faragha. Hatukuandika majina, tumetumia namba, kuanzia namba moja hadi namba elfu moja na mia mbili. Na niseme kwa fahari kwamba siri za washiriki zimelindwa vizuri mno, kiasi kwamba hata sisi wenyewe hatuwajui.

Naona Daktari amenyoosha mkono.

(Daktari: "Mkurugenzi, samahani kukukatiza. Magari yako tayari tangu saa mbili. Tunahitaji orodha ya nyumba tu.")

Orodha ipo kwenye mchakato, Daktari. Mchakato umefika mbali. Tutazame kwanza grafu, kwa sababu projekta imegoma, na Dereva ameinakili grafu yote kwa mkono kwenye kadibodi usiku kucha, na itakuwa dhambi tusiitazame. Dereva, inua.

(Dereva ainua kadibodi. Minong'ono. Dereva: "Bosi, mstari mwekundu unaanzia juu au chini?" Ageuza.)

Hapo hapo. Tazameni. Awamu ya kwanza na ya pili washiriki wako juu, wanang'ara, wastani ni moja nukta nane. Awamu ya tatu, ghafla, wanashuka kama ndoo kisimani. Ripoti inaeleza kwenye ukurasa wa thelathini na nne kwamba huo ulikuwa mtikisiko wa kimazingira wenye viashiria mtambuka. Awamu ya nne wanapona wote. Awamu ya tano wanapanda juu kuliko wakati mwingine wowote, furaha tupu, asilimia tisini na moja wanasema usingizi ni mzuri na hewa inapita vizuri. Awamu ya sita wanaanguka tena, wanasema hawalali, chakula hakipiti kooni. Na kuanzia awamu ya nane, waheshimiwa, hapo ndipo Wizara iliposhtuka. Goti. Awamu ya tisa, kiu isiyokwisha na kuamka usiku kwenda msalani mara nne, mara tano. Awamu ya kumi, nyayo zinakufa ganzi, macho yanaona ukungu, kidonda mguuni hakiponi, na wastani umefika nne nukta sita, ambao ni wastani ambao hata mimi Bwana Wastani sijawahi kuupenda.

(Mgeni Rasmi afunga chupa.)

Kwa grafu hiyo, Wizara ilichukua hatua ndani ya siku tisa, jambo ambalo katika utumishi wangu sijaliona hata kwa moto. Msafara wa matibabu uliokuwa umepangiwa kwenda kwingine ukageuzwa njia ukaletwa kwetu. Mimi nikapigiwa simu nikapongezwa. Nilipokata simu nilikaa kwenye kiti changu nikajisikia vibaya, lakini sikujua nijaze hilo kwenye fomu gani.

Asubuhi hii pale getini, Daktari alinivuta pembeni. Ni mtu mpole, anaongea taratibu kama anayemwekea mtu plasta. Akaniambia, "Mkurugenzi, nimesoma ripoti yako mara mbili. Kuna kitu kinanisumbua. Watu elfu moja na mia mbili, wote wanaumwa goti la kushoto. Hakuna hata mmoja wa kulia?"

Nikamwambia, "Ni sampuli wakilishi, Daktari."

Akasema, "Sawa. Lakini mimi kama daktari nakwambia, hawa wakiwa kweli wapo, wana sukari, na imewakaa muda mrefu. Na mtu mwenye ganzi ya nyayo na kidonda kisichopona hana muda wa kuzinduliwa ripoti. Anaweza kupoteza mguu huku anapiga makofi."

Nikamshukuru kwa mchango wake wa kitaalamu. Kisha nikaja hapa nikaagiza meza hii ya hotuba ivishwe kitambaa hadi chini.

(Msaidizi wa Mgeni Rasmi atazama kiti chake.)

Naendelea. Nilisema mke wangu ana kalamu nyekundu. Lazima nieleze, kwa sababu nikimtazama naona anataka kueleza yeye, na yeye hutumia maneno machache. Jumamosi iliyopita alasiri alikuwa mezani anasahihisha madaftari ya wanafunzi wake. Alipoyamaliza akavuta ripoti yangu, nadhani mkono ulikuwa bado na moto wa kusahihisha. Akafungua kwenye grafu. Akaniita, "Baba watoto, awamu ya tatu ilikuwa mwezi gani?"

Nikamwambia mwezi wa tano.

"Mwezi wa tano mwaka ule ndipo ulipong'olewa gego. Ukalala sebuleni wiki nzima na kitambaa shavuni."

Nikamwambia hiyo ni sadfa ya kitakwimu.

"Watu elfu moja na mia mbili hawatafuni upande wa kulia," akasema, "halafu unaniambia sadfa." Akafunua ukurasa. "Awamu ya tano, hewa inapita vizuri. Ndio mwaka uliopandishwa cheo ukapewa ofisi yenye feni. Awamu ya sita..." Awamu ya sita ni mwaka niliofiwa na mama. Nilirudi kazini siku ya nne, kila aliyenipa pole nikamjibu ni mapenzi ya Mungu, niko sawa, nikaingia stoo nikafunga mlango nikaanza kujaza fomu. Chakula hakipiti, niliandika. Mara elfu moja na mia mbili.

(Mtu akohoa.)

Samahani, nimeruka ukurasa. Hili halikuwa kwenye hotuba iliyopitishwa.

Mke wangu hakunigombeza, na mkiwa mmeoa mnajua kwamba hiyo ndiyo mbaya zaidi. Aliniambia hivi, nami namnukuu kwa usahihi kwa kuwa nimeyasikia kichwani siku zote hizi: "Kila jioni nakuuliza unajisikiaje, unaniambia ya wastani. Miaka ishirini na sita niko na wewe, unaniambia ya wastani. Kumbe kuna karatasi stoo huko unaziambia kila kitu." Kisha akaweka alama nyekundu pembeni ya goti, kama anavyomwekea mtoto aliyenakili jibu la mwenzake.

Nilitaka kumjibu kwamba mganga hajigangi. Nikaona tayari ana jibu.

(Mama Mkunga asimama safu ya mwisho. Mshereheshaji amwashiria aketi. Haketi.)

Mama, maswali ni baada ya hotuba na kabla ya soda, lakini nakuona una shida. Sema.

(Mama Mkunga: "Mkurugenzi, mimi si mtu wa kuongea mbele za watu. Huu msafara ulikuwa wetu leo. Barua tuliletewa tangu mwezi uliopita, nikawatangazia watu. Nina wagonjwa arobaini kwenye mabenchi tangu alfajiri, wengine wamebebwa mgongoni. Jana napigiwa simu naambiwa magari yamegeuzwa, kuna watu elfu na mia mbili huku hali zao mbaya kuliko za kwetu. Sikubisha. Mwenye shida zaidi atangulie. Ila nimevuka kuja kuwaona. Nioneshe mmoja tu, roho yangu itulie, nirudi nikawaambie wale waende nyumbani.")

(Nje, injini ya gari moja yazimika.)

Mmoja tu.

Mama Mkunga, katika miaka kumi nimeulizwa maswali na wakaguzi, na waheshimiwa, na wataalamu waliokuja na begi zenye magurudumu. Wote waliuliza kuhusu asilimia. Hakuna aliyewahi kuniomba mtu mmoja. Nina jibu la swali lolote isipokuwa hilo lako.

Naomba mniruhusu niachane na karatasi hii. Dereva, shusha kadibodi, mkono utakuuma.

Waheshimiwa, ili kuanza utafiti huu nilitakiwa kuomba kibali cha kuingia mitaani pamoja na gari moja. Fomu ya maombi ilitaka viambatisho vitatu. Kiambatisho A, ramani; nikaichora. Kiambatisho B, orodha ya vifaa. Nikaiandika, ikiwemo mashine ya kutoboa karatasi. Kiambatisho C, matokeo ya awamu iliyotangulia. Nikaandika barua kwa adabu zote kwamba awamu iliyotangulia haipo, maana ndiyo kwanza naomba kuanza. Nikajibiwa: rejea Kiambatisho C. Nikaandika tena, nikajibiwa tena vile vile, mhuri ule ule. Mara ya tatu walinijibu kwa herufi nzito.

Basi nikakaa stoo, kwenye meza iliyo karibu na dirisha linalotazama tangi la maji, nikajaza fomu elfu moja na mia mbili za muda. Za muda tu, niliapa, nipate kibali, niende kwa watu wa kweli. Na zile thelathini za kwanza nilizijaza kwa jasho, nawaapia. Nilimfikiria seremala mwenye vumbi kifuani, nikamfikiria bibi anayelea wajukuu watano, nikamfikiria kondakta asiyelala, kila mmoja nikampa maumivu yake na mahali pake. Fomu ya thelathini na moja vidole viliniuma. Nikaanza kujaza lile lililo karibu. Mtu akiulizwa mara elfu moja na mia mbili afya yake ikoje, mwishowe atasema kweli, hata kama ni mwongo kama mimi.

(Mgeni Rasmi aegemea mbele. Msaidizi wake anamnong'oneza. Amzuia kwa mkono.)

Nikazituma kama Kiambatisho C. Kibali hakikuja. Ilikuja barua ya pongezi, ikisema kwamba kwa kuwa awamu ya kwanza imefanikiwa bila kibali na bila gari, kibali na gari vimeonekana havihitajiki, na tunasubiri awamu ya pili kwa hamu. Barua hiyo nimeiweka kwenye fremu. Iko ofisini nyuma ya kiti changu, na kila mgeni huipigia picha.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imechukua miaka kumi na ina grafu. Nimevishwa kilemba cha ukoka, nikakipiga pasi, nikakivaa kila mwaka kwenye uzinduzi kama huu, nikapigiwa makofi, na kila mwaka kilikuwa kinanenepa kichwani. Sikuwa na ujasiri wa kukivua, kwa sababu kukivua ilikuwa ni kukiri kwamba mmenipigia makofi bure, na kusema kweli makofi yenu niliyapenda sana. Lakini sikujua kama ipo siku mtu atayasoma majibu yale na kuleta daktari. Hilo sikulipanga. Nani alitegemea ripoti isomwe?

(Kicheko kidogo, chenye kusitasita. Mke wa Mkurugenzi aifunga kalamu nyekundu.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, najua utaniita ofisini, na nitakuja, nikiweza kupanda ngazi. Lakini magari yale matatu yakikaa hapa dakika moja zaidi kunisubiri mimi, itakuwa nimewanyang'anya watu arobaini wa kweli kwa ajili ya watu elfu moja na mia mbili wa stoo, na hilo siwezi kulala nalo, hata kwa wastani.

Kwa hiyo nifike kwenye shukrani, kama ulivyo utaratibu.

Nakushukuru Mheshimiwa Msaidizi wa Mgeni Rasmi kwa kukaa kwenye ubao mtupu kwa uvumilivu. Kitambaa chako hiki hapa, nakurudishia.

(Mkurugenzi avuta kitambaa cha meza ya hotuba. Mguu wa kulia una kiatu cheusi kilichong'arishwa. Wa kushoto una kandambili, na umefungwa bendeji hadi juu ya kifundo, bendeji imebadilika rangi. Minong'ono. Daktari ainuka.)

Subiri, Daktari, namalizia. Namshukuru Dereva wa Mradi, aliyevaa sare kwa miaka kumi akiwa tayari saa yoyote kuendesha gari ambalo halikuagizwa, na ambaye usukani pekee alioshika katika utumishi wake ni wa baiskeli yangu. Nakishukuru kikosi cha wadodosaji hodari waliozunguka nyumba kwa nyumba, juani na mvuani, ambacho hakikuwahi kuajiriwa. Naishukuru Bodi ya Ushauri, ambayo ilikaa vikao ishirini na viwili bila mjumbe. Namshukuru mke wangu, mtu pekee aliyesoma ripoti zote kumi, akanijua humo ndani. Mwalimu, jioni ukiniuliza, nitakujibu kwa namba.

(Mke wa Mkurugenzi amekwisha simama, mkoba begani. Asema kwa sauti ya chini, lakini kipaza sauti chamnasa: "Nakuuliza sasa hivi.")

Mnamwona. Huyu hasubiri jioni.

(Daktari amefika jukwaani, amepiga goti kando ya mguu wa kushoto. Bila kuinua kichwa: "Jibu. Kwa jumla, afya yako unaionaje?")

Tano, Daktari. Ni tano tangu mwaka juzi. Naogopa sana.

(Hakuna makofi.)

Na mwisho kabisa, nawashukuru kwa dhati ya moyo wangu washiriki wetu wote, kuanzia namba moja hadi namba elfu moja na mia mbili, ambao walikuwa waaminifu na wavumilivu, hawakuhama na hawakufa, kwa sababu hawakuwahi kuzaliwa. Hakuna nyumba hata moja tuliyobisha hodi. Hakuna utafiti. Mshiriki pekee niliyewahi kukutana naye uso kwa uso ni yule ninayemwona kwenye kioo ninaponyoa ndevu, na yeye kila nikimuuliza, alikuwa akinijibu kwamba ni ya wastani. Mama Mkunga, uliomba mmoja. Ni huyu.

(Mama Mkunga aja mbele, amtazama mguu, atikisa kichwa. "Haya, shika bega langu. Gari la mbele lina nafasi. Ila ujue, wangu walikuja alfajiri.")

Naelewa, Mama. Waheshimiwa, soda ziko nyuma, chukueni moja moja, na kaulimbiu naomba tuiseme mara ya mwisho nikiwa natembea, kwa sababu Daktari amenikataza kusimama. Afya!

(Ukumbi mzima: "Tunaiona!")

Asanteni. Magari yanaondoka kwenda ng'ambo ya mto yalikopangiwa, na msafara hautasimama popote kwa ajili yangu. Mama Mkunga ameniambia benchi limejaa na foleni haina wakubwa, mimi nitakuwa wa arobaini na moja. Ndiyo namba yangu ya kwanza ya kweli katika miaka kumi. Dereva, nishikie kandambili.